Kibali cha Njiani

Wahenga walinena kuwa msafiri kafiri. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwamba safari ina dhiki zake, na kwa hivyo msafiri husamehewa yale ambayo aliyetulia nyumbani hasamehewi. Hata hivyo, ipo karatasi isiyomsamehe msafiri: kibali anachotakiwa kukipokea njiani, baina ya ndege moja na nyingine, ilhali saa inayoyoma.

Mfano bayana ni safari ya Tibet. Mgeni aendaye Lhasa, mbali na pasipoti, na viza ya Uchina kwa anayeihitaji, huhitaji kibali maalumu cha mamlaka ya utalii ya Tibet. Hawezi kukiomba mwenyewe; huombewa na wakala wa utalii aliyesajiliwa, naye wakala hutaka kwanza nakala ya viza kwa anayeihitaji. Kwa miaka mingi abiria wa ndege ametakiwa kuonyesha karatasi yenyewe wala si nakala. Kwa kuwa mara nyingi karatasi hiyo hutolewa baada ya viza kupatikana, ni nadra kusalia muda wa kuituma ng'ambo. Hutumwa katika mji wa kubadilishia ndege, kama vile Beijing au Chengdu, ikamsubiri mwenyewe hotelini au mkononi mwa mjumbe uwanjani.

Hebu msomaji amtazame abiria aliye na saa tatu tu. Ndege ya Lhasa ni ya safari za ndani. Kwa hivyo hana budi kupanga foleni ya uhamiaji, kuchukua mizigo, kupita forodhani, kisha kumtafuta mtu asiyemjua aliyeshika bahasha. Ndege ya kwanza ikichelewa saa moja, hesabu yote huvurugika. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2021 Chengdu ina viwanja viwili vya abiria, Shuangliu na Tianfu. Bahasha ikipelekwa kimoja na abiria akatua kingine, safari imekwisha. Kwenye dawati la ndege ya Lhasa hapaulizwi kosa ni la nani. Asiye na karatasi hapandi.

Wapo watakaosema kwamba kila dola ina haki ya kuamua nani aingie na kwa masharti gani, na kwamba msafiri mwenye busara hulala mjini usiku mmoja kabla ya kuendelea. Hoja ya kwanza ina mashiko. Ya pili ni nasaha njema kwa mwenye fedha za hoteli. Lakini hakuna hata moja inayojibu swali hili: kwa nini hatari yote imwangukie yule asiyeweza kuizuia? Si yeye aliyeiandika karatasi, wala si yeye aliyeituma.

Neno lenyewe lina funzo. Kibali lina asili moja na kitenzi kukubali, na kupata kibali machoni pa mtu ni kupokewa naye kwa moyo mkunjufu. Leo karatasi imejitenga na kukubaliwa kwenyewe. Abiria wa Lhasa amekwisha kukubaliwa na mhuri umepigwa. Anachozuiliwa ni kwamba ushahidi wa kukubaliwa kwake umo mkononi mwa mwingine. Wakenya wanaijua nguvu ya karatasi ya namna hii. Katika miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande, wakakivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Waama, mtalii aliyekwama uwanjani hawezi kulinganishwa na mtu aliyefungwa kipande katika nchi yake mwenyewe. Hata hivyo, pote pawili karatasi imepewa uzito kumpita mtu, na mtu akageuka mtumwa wake.

Tiba ipo. Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuanzisha idhini ya kusafiri ya kielektroniki, inayoombwa na kujibiwa kabla ya mgeni kuondoka kwake. Utaratibu huo una walakini, hasa kwa asiye na intaneti au kadi ya benki. Lakini anayekataliwa hukataliwa akiwa bado nyumbani, nauli nyingine haijapotea, wala hajalala kwenye viti vya uwanja wa kigeni.

Hilo ndilo linalopasa kudaiwa popote pale. Kibali ama kimfikie msafiri kabla hajafunga mizigo, ama kiwe katika kompyuta ya yule anayekikagua. Mwenye nyumba akishasema karibu, haifai mgeni aachwe njiani akiitafuta karibu hiyo ndani ya bahasha.