VITABU VYA WATU NA MASOMO YA MTANDAONI

Mwanachuo aliye Mnyambe, wilayani Newala, hana maktaba ya chuo kikuu ya kuingia jioni akaazima kitabu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwekwa hasa kwa ajili ya watu kama yeye, wasomao huku wakiendelea na kazi zao. Na siku hizi masomo humfikia katika simu. Pamoja na masomo huja vitabu. Twajua vijavyo namna vilivyo: kitabu kizima kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, pengine hata jalada limeachwa, kikatupwa katika kundi la WhatsApp la darasa.

Jambo hili limezoeleka mno, hata wengi hudhani kuwa ni halali maadamu ni kwa ajili ya elimu. Si halali. Wako na wengine ambao, wakiisha kusikia neno hakimiliki, huogopa kunukuu hata aya moja. Nao pia wamekosea.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, imemwachia mwalimu mlango. Yaruhusu kunukuu, na yaruhusu kazi iliyokwisha kuchapishwa itumiwe kuwa kielelezo cha kufundishia, bila ya kuomba ruhusa wala kulipa, mradi kiasi kichukuliwacho kisizidi haja ya somo, na mtunzi atajwe pamoja na mahali kazi ilipotoka. Kurasa chache za riwaya zinazochambuliwa na darasa ni kielelezo. Riwaya nzima si kielelezo cha kitu chochote. Ni riwaya yenyewe, na aliyeitunga amenyimwa mauzo. Soko la vitabu vya Kiswahili ni dogo, na pengo hilo mwandishi wetu huliona upesi kuliko mwandishi wa London. (Sheria hiyo hiyo, tukumbushe, hulinda pia sanaa za jadi, hata mchonga vinyago vya mpingo wa Newala ana hisa yake humo.)

Wala haki hiyo haidumu milele. Hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo ulinzi ulikwisha mwaka 2012, na maandishi yake yaweza kufundishwa yote mtandaoni, ingawa dibaji na maelezo yaliyoongezwa na wengine katika matoleo mapya bado ni mali ya wenyewe.

Huko India wachapaji wakubwa wa Uingereza walikishitaki Chuo Kikuu cha Delhi na duka la kunakili lililokuwa ndani yake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba kuwakusanyia wanachuo sehemu za vitabu kwa ajili ya masomo si kosa, na mwaka 2017 wachapaji waliiacha kesi. Lakini hiyo ni sheria ya India. Yetu ilitungwa kabla darasa halijaingia simuni, na twaona yapasa Bunge liseme waziwazi nini kinaruhusiwa huko.

Kabla ya hapo, hatukubali mzigo huu atwishwe mkufunzi peke yake. Ni kazi ya chuo kumwandikia mchapaji kuomba ruhusa ya darasa zima kwa mara moja. Ni kazi ya chuo kutafuta vitabu vilivyotolewa kwa leseni huria, kama zile za Creative Commons zilizoanza mwaka 2002. Kumpa mwanachuo kiungo badala ya nakala ni njia salama, lakini bando lina bei, na mtandao wa vijijini hukatika. Basi nakala zilizopatiwa ruhusa na ziwekwe pia katika vituo vya mikoani, pamoja na Mtwara. Kila chuo kinachofundisha mtandaoni na kiwape wakufunzi wake orodha ya kazi zenye ruhusa kabla ya muhula kufunguliwa, si baada ya mitihani.