Mwenye nguvu mpishe, lakini mtoto naye ana haki ya njia

Mtoto akipangiwa kidato cha kwanza na shule ya kata ikawa mbali na nyumbani, wazazi wengi hujibana wakanunua baiskeli. Ni uamuzi mzuri. Mtoto anafika mapema, hasinzii darasani, na binti anaepukana na lifti za njiani ambazo kila mzazi anajua zinaweza kuishia wapi. Tunakagua breki, tunanunua kufuli, tunampa hela ya kuziba pancha. Baada ya hapo tunamwachia barabara ajifunze mwenyewe.

Kwa familia nyingi barabara hiyo ndiyo hiyohiyo ya malori. Wanaoishi kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma wanaijua hali hii vizuri. Lori na tela lake, likiwa na mzigo, linaruhusiwa kufikia uzito wa tani 56. Mwanao ana kilo 40 na begi la madaftari. Wote wawili wanatafuta nafasi kwenye ukingo mmoja wa lami.

Ukimuuliza mzazi amemfundisha nini mtoto kuhusu malori, mara nyingi jibu ni fupi: “Ukisikia honi, toka barabarani. Mwenye nguvu mpishe.” Ushauri huo unaokoa maisha na siupingi. Shida ni kwamba unamtegemea dereva apige honi. Dereva anampigia honi mtoto aliyemwona. Lori la kuogopwa zaidi ni lile linalokuja kimya kwa sababu aliyeshika usukani hajui kabisa kama kuna mtoto pale.

Dereva haoni kila mahali

Watoto huamini kwamba mtu aliyekaa juu vile lazima anaona kila kitu. Ukweli ni kinyume. Dereva wa lori amekaa juu, upande wa kulia. Mtoto aliye karibu kabisa na pua ya lori anafichwa na dashibodi. Aliye ubavuni kushoto, chini ya dirisha la abiria, anaweza kupotea asionekane hata kwenye vioo. Aliye nyuma ya tela haonekani kabisa.

Upande wa kushoto ndio wa kuangalia zaidi, kwa sababu ndiko mwendesha baiskeli anakopita. Fikiria lori refu linalotaka kukata kona kushoto, kuingia kituo cha mafuta au barabara ya mtaa. Ili tela lipate nafasi, dereva kwanza anavuta kichwa kulia. Mtoto aliye nyuma anaona pengo limefunguka kushoto, anadhani lori linakwenda kulia, anajipenyeza. Sekunde chache baadaye kichwa kinageuka kushoto. Tela halifuati mkondo wa kichwa, linakata kona kwa ndani, na magurudumu yake ya nyuma yanapita palepale mtoto alipo. Dereva anaweza kuwa amewasha indiketa na anakwenda taratibu, na bado ajali ikatokea.

Njia bora ya kumwelewesha mtoto jambo hili ni kumwonyesha. Kama mtaani kwenu kuna dereva wa lori mnayeaminiana, mwombe ampandishe mtoto kwenye kiti chake, lori likiwa limeegeshwa, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Wewe simama chini, ubavuni kushoto, kisha muulize: “Unaniona?” Akishakutafuta asikuone, hutahitaji kumhubiria tena. Polisi wa London wamekuwa wakiwapandisha waendesha baiskeli kwenye malori kwa namna hiyohiyo. Na tangu mwaka 2021, malori yanayozidi tani 12 hayaruhusiwi kuingia sehemu kubwa ya jiji hilo bila kupimwa dereva anaona kiasi gani kutoka kwenye kiti chake, na yale yenye uoni mdogo yanalazimika kufungwa vifaa vya ziada. Wenzetu walikubali kwamba kumwambia mwendesha baiskeli awe mwangalifu hakutoshi.

Mambo ya kumfundisha

Asipite kamwe kushoto kwa lori lililosimama au linalopunguza mwendo kwenye makutano, kipilefti au matuta. Asubiri nyuma, mbali kidogo, mahali anapoweza kuona uso wa dereva kwenye kioo cha pembeni. Asipouona uso huo, ajue naye haonekani.

Aendeshe kushoto, kwa mstari ulionyooka, mmoja nyuma ya mwingine. Kupiga soga sambamba na rafiki wasubiri mpaka wafike njia ya vumbi.

Lori likipita kwa kasi, upepo wake humsukuma mtoto kwanza, kisha humvuta kuelekea barabarani. Ashike usukani kwa mikono miwili. Akiona lori linakuja mbele na kusikia jingine nyuma, asingoje kuona watapishanaje. Ashuke kwenye baiskeli mapema, asimame kando mpaka yapite. Kushuka mapema ni salama kuliko kukimbilia kokoto dakika ya mwisho, hasa pale ukingo wa lami ulipokatika.

Asidandie lori mlimani, hata kama wenzake wote wanadandia. Asimpakie mdogo wake kwenye karia barabara kuu. Na kwa kuwa masweta mengi ya shule ni ya rangi nzito, mwekee reflekta nyuma ya baiskeli na kwenye begi. Alfajiri na jioni hizo ndizo zitakazomtambulisha.

Mwenye nguvu naye ana wajibu

Hapa ndipo methali yetu inapotumiwa vibaya. Tumeirudia mpaka baadhi ya madereva wakaamini kwamba honi inawapa haki ya njia. Haiwapi. Mwendesha baiskeli ni mtumiaji halali wa barabara. Anayekata kona ndiye anayepaswa kumpisha anayekwenda moja kwa moja, na anayetaka kupita ndiye anayesubiri mpaka iwepo nafasi ya kutosha. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayatakiwi kuzidi 80 popote. Kwa mwendo huo wa 80, lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akiwa anasoma ujumbe kwenye simu kwa sekunde tatu, amekwishapita mita 66 bila kuangalia mbele.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Madereva wengi wa malori ni baba zetu, kaka zetu, wajomba zetu, na wao pia wana watoto wanaokwenda shule kwa baiskeli. Kama yupo mmoja katika ukoo wenu, mzungumze naye siku akirudi safari. Msimlaumu. Mwulizeni ni wapi huwa anashindwa kuwaona watoto, na mwenye haraka ya kufikisha mzigo ni yeye au ni tajiri wake.

Kuna pia kazi ya wazazi kwa pamoja. Kikao cha wazazi shuleni kikiisha kwa kujadili michango peke yake, mmeacha jambo. Pitisheni ombi la matuta, alama za shule na kivuko cha pundamilia. Kwa barabara kuu na za mkoa, mhusika ni TANROADS. Kwa barabara za wilaya na mitaa ni TARURA. Andikeni barua, ipitie kwa mkuu wa shule na serikali ya kijiji au mtaa, mbaki na nakala yenye muhuri.

Baada ya ajali huwa tunabishana sana nani alikuwa na haki. Askari anapima barabara, mashahidi wanapingana, na hata mtoto akionekana hakuwa na kosa, mzazi amekwishapoteza. Kwa hiyo Jumamosi hii azima baiskeli ya jirani, mfuate mwanao njia nzima mpaka getini kwa shule. Kila penye kona ya malori simameni, mwulize angefanya nini hapo, na msiondoke mpaka ajibu vizuri.