Siri za ikulu hazipaswi kuwekewa dau

Muda mfupi baada ya saa sita usiku wa kuamkia Oktoba 10, 2025, uwezekano wa María Corina Machado kutwaa Tuzo ya Amani ya Nobel ulipaa katika soko la ubashiri la Polymarket, kutoka chini ya asilimia 4 hadi zaidi ya asilimia 70. Tangazo rasmi lilitolewa Oslo saa tano asubuhi. Katika saa hizo hakukuwa na habari yoyote mpya kutoka Venezuela, ambako kiongozi huyo wa upinzani alikuwa mafichoni kwa zaidi ya mwaka mmoja. Taasisi ya Nobel ililazimika kuchunguza namna siri ya wajumbe watano wa kamati ilivyovuja.

Miezi mitatu haikupita. Akaunti isiyo na jina iliweka dau la zaidi ya dola 30,000 kwamba Rais wa Venezuela, Nicolás Maduro, angeondoka madarakani. Januari 3, 2026, majeshi ya Marekani yakamkamata, na akaunti hiyo ikavuna zaidi ya dola 400,000.

Wamiliki wa masoko haya hujitetea kwamba bei zao hukusanya maarifa ya watu wengi. Kwa uchaguzi wenye mamilioni ya wapigakura, hoja hiyo inaweza kusikilizwa. Haina mashiko pale swali linapokuwa ni lini rais wa taifa kubwa atamuunga mkono au kumkana mpinzani wa nchi nyingine. Jibu la swali hilo liko kwa rais, mwandishi wa hotuba zake na wasaidizi wachache. Anayebeti dhidi yao hashindani na maarifa, anaporwa.

Hasara ya fedha si kubwa kuliko hasara ya kisiasa. Siku ile ile Maduro alipokamatwa, Rais wa Marekani, Donald Trump, alisema Machado hana uungwaji mkono wala heshima ya kutosha nchini mwake. Kauli ya namna hiyo hugusa hatima ya wananchi waliopiga kura katika uchaguzi wa rais wa Venezuela Julai 2024 na wafungwa wa kisiasa ambao ndugu zao wanasubiri milango ifunguliwe. Ikishawekewa dau, anayeiandika anapata sababu ya kuiharakisha, kuichelewesha au kubadilisha neno. Hakuna ushahidi kwamba hilo limetokea. Hakuna pia utaratibu wa kumhakikishia Mvenezuela kwamba halikutokea, na watawala wanaowaita wapinzani wao vibaraka wamepewa hoja bila jasho.

Visingizio vya kisheria havipo. Tangu 2010, sheria ya Marekani inaipa CFTC, tume inayosimamia masoko haya, mamlaka ya kuzuia mikataba inayohusu vita na mauaji ya viongozi inapokwenda kinyume na maslahi ya umma. Sheria hiyo hiyo inawakataza watumishi wa serikali kujinufaisha na siri za ofisi katika biashara hiyo. Kinachokosekana ni nia, na sababu za kutilia shaka nia hiyo zinaonekana: mtoto wa rais, Donald Trump Jr., ni mshauri wa Kalshi, soko jingine la ubashiri, na pia wa Polymarket, kampuni ambayo mfuko anaoshiriki umewekeza fedha.

Muswada wa mbunge wa Marekani Ritchie Torres wa kuwazuia viongozi na watumishi wa serikali kubeti kwa kutumia taarifa za siri upitishwe, na uwabane pia wenzi na watoto wao. CFTC ipige marufuku mikataba yote ambayo matokeo yake hutegemea kauli ya mtu mmoja au kikao cha wachache. Kampuni zijue jina halisi la kila anayeweka dau kubwa la kisiasa na zilikabidhi kwa wachunguzi linapohitajika. Trump Jr. aachie nafasi zote mbili, na aliyevuna dola 400,000 atakiwe kueleza hadharani alijuaje.