Orijino ya Miaka 20

Nianze na ugomvi moja kwa moja. Ukiniambia Altezza yako umeifungia shokapu "orijino ya Japani" uliyoichagua kwenye rundo la mitumba Kariakoo, nitakuambia umenunua chuma chakavu chenye jina zuri. Najua marafiki zangu wengi wa gereji watanuna. Wanune tu. Mimi nilinunua hizohizo, na karibu zinizike.

Ilikuwa barabara ya Morogoro, narudi Dar, mvua imetoka kunyesha. Nikakuta rasta, nikapunguza mwendo, ila si vya kutosha. Gari lilipopita, nyuma ikaanza kudunda yenyewe: mara moja, mara mbili, mara tatu. Nilipogusa breki, nyuma ikahamia upande wa basi lililokuwa linakuja. Basi likapita. Nikasimama pembeni mikono inatetemeka, mdogo wangu kiti cha pembeni hasemi kitu. Shokapu zile zilikuwa na miezi minne tu tangu nizifunge. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hizi zimetoka Japani, orijino kabisa. Hizo mpya za maboksi hazikai miezi miwili." Nikamwamini, kwa sababu bei ilikuwa kama theluthi ya mpya, na kwa sababu lile neno ni tamu.

Wengi wetu tunadhani shokapu ndiyo inabeba gari. Hapana, springi ndiyo inabeba. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ndani mna pistoni inayolazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ule ugumu wa kupita ndio unaomaliza mdundo. Sili zikichoka, mafuta yakivuja au gesi ikitoka, kwa nje unabaki na bomba lilelile. Ukilifuta na kulipiga rangi nyeusi, linang'aa. Ubovu wenyewe umejificha ndani, na biashara nzima imesimama juu ya kutoonekana huko. Gharama yake ni nini? Tairi linalorukaruka haligusi barabara sawasawa, na tairi lisilogusa barabara halina breki wala usukani.

Sasa tupige hesabu ya darasa la tatu. Altezza ilitoka 1998 na ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka kule Japani. Ikaacha kutengenezwa kwa jina hilo 2005. Kwa hiyo shokapu iliyofungwa kiwandani kwenye Altezza, hata ile ya mwisho kabisa, imeshafikisha miaka 20. Utasema huenda mwenyewe kule Japani aliibadilisha. Huenda. Lini? Akatembelea kilomita ngapi? Muuzaji hajui, na wewe hujui. Mimi ni mwandishi wa habari. Habari isiyo na chanzo tunaiita umbea. Shokapu isiyo na chanzo, jamani, tunaiita orijino.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, na siidharau. Wanasema soko limejaa feki: boksi lina jina la Kayaba, ndani mna kitu kingine. Kwa hiyo afadhali kilichochakaa lakini cha kweli. Hoja hiyo ingesimama kama tungekuwa tunazungumzia mlango au taa. Mlango wa mtumba bado ni mlango. Shokapu, kama breki pedi, imetengenezwa iishe. Feki ni jambo la kuchunguza: unaenda kwa muuzaji mwenye duka na risiti, unalinganisha namba ya kifaa kwenye boksi na iliyopigwa kwenye shokapu yenyewe, unadai dhamana. Mtumba hauna cha kuchunguza. Kuchoka kwake una uhakika nako tangu dukani.

TBS walipiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na tukaelewa mara moja kwa nini: kuna vitu havivaliwi mara ya pili. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayeona kinyaa kuvaa boksa ya mtu asiyemjua anaweka roho za watoto wake juu ya shokapu iliyotumika na mtu asiyemjua.

Basi uchague nini? Anza na bamba la chesesi. Kama ni GXE10 au SXE10, sema hivyo dukani, usiseme "Altezza" tu. Taja pia Lexus IS 200, ambalo ni gari hilohilo kwa jina la nje ya Japani, na milango mingi ya spea itafunguka. Shokapu nunua kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Hela ikibana, funga jozi moja sasa, nyingine mwezi ujao.

Lakini kabla ya shokapu, kagua bushi na bol jointi, hasa bol jointi za chini za mbele. Kila tairi la Altezza limeshikwa na mikono ya juu na ya chini ili likae vizuri barabarani hata kwenye kona. Bushi zikipasuka, mikono hiyo inacheza, na shokapu mpya haitakusaidia. Bushi za mpira zinatosha kwa barabara zetu. Zile ngumu za rangirangi waachie wa mashindano. Na msimamie fundi kwenye jambo moja: asikaze kabisa bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Akifanya hivyo, gari likishuka mpira unakaa umejikunja muda wote na unachanika mapema. Gari likae kwenye uzito wake, ndipo akaze.

Na springi usikate. Najua gari likishuka linapendeza kwenye picha. Ila springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, na kila tuta linaifikisha mwisho. Umelipunguzia gari la spoti kile kilicholifanya la spoti, yaani kushika barabara.

Nilifunga mpya zote nne. Zilinichukua miezi miwili ya kujibana, na kwa miezi hiyo gari lilikaa nyumbani, mimi nikapanda mwendokasi. Mdogo wangu bado hapendi kukaa kiti cha mbele tukipita barabara ile. Simlazimishi. Yeye hakuwa dukani siku ile naambiwa orijino. Mimi nilikuwepo, na nilitikisa kichwa kukubali.