Mgonjwa wa Ng'ambo Ameshafika Mtwara

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Mtumba, Dodoma
Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Mtwara

Mheshimiwa Waziri,



Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Septemba 2023, ni nadra kiongozi kupanda jukwaani Mtwara asiguse habari ya utalii tiba. Tunaambiwa wagonjwa watatoka Msumbiji, watatoka Comoro, wengine mpaka Malawi, fedha za kigeni zitaingia, na mji wetu utakuwa kitovu cha matibabu katika ukanda huu wa Bahari ya Hindi. Sipingi hata kidogo. Hospitali ninaiona kwa macho yangu na ninaijua thamani yake. Ninachoandikia ni kwamba mgonjwa wa kigeni tunayemsubiri ashuke kwenye ndege ameshafika zamani. Amevuka Ruvuma, amekaa kwenye benchi la mapokezi, na daftari limemwandika kuwa ni mwenyeji wa Mtwara Vijijini.

Nianzie kivuko cha Kilambo, maana huko ndiko mlango ulipo. Pale mto umekaribia bahari na wenye mitumbwi hufuata maji. Yakijaa unavuka umekaa. Yakipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza, watu wakashuka, wakakunja suruali na kutembea. Nimemwona kijana akimpitisha mama yake kwenye fungu la mchanga, amembeba mgongoni, mguu wa mama umefungwa kwa vijiti viwili na kipande cha kitenge. Nyuma yao dada mtu alibeba sufuria, mkeka na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi za hospitali ya kwao. Zimeandikwa Kireno, na pembeni zimelowa.

Hospitali waliyofikia siitaji, kwa sababu ingeweza kuwa yoyote. Karani alizipokea zile karatasi, akazigeuza juu chini, akazirudisha. Akauliza bima, hawana. Akauliza kitambulisho, wakataja jina la mjomba wao wa Msimbati. Wakaandikwa kwa jina la mjomba. Fedha walizokuwa nazo ni meticais za Msumbiji, na hakuna aliyeweza kuwaambia mapema matibabu ya mguu ule yatagharimu kiasi gani, kwa hiyo dada mtu akatoka kwenda kutafuta wa kumbadilishia bila kujua abadilishe ngapi.

Katika takwimu za wizara yako, Mheshimiwa, mama yule hakuvuka mpaka. Katika hesabu za hospitali huenda akaonekana kama deni au msamaha. Lakini huyo ndiye mtalii tiba wetu wa kwanza, hata kama hana miwani ya jua.

Wala hili si jambo geni. Mto Ruvuma ulifanywa mpaka na Wajerumani na Wareno kwa faida yao, na hata wao hawakuufuata sawasawa: Kionga, iliyoko ng'ambo karibu na mlango wa mto, ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Mtwara hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1916. Wamakonde wako kingo zote mbili. Kiswahili kinasikika Palma, upande wa Msumbiji. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kati ya 1964 na 1974, FRELIMO iliendesha hospitali yake hapahapa Mtwara, ikaipa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi waliletwa kutoka ndani ya jimbo la Cabo Delgado kwa machela, wakapasuliwa na kuuguzwa katika mji huu. Nusu karne iliyopita, nchi ikiwa maskini kuliko leo, Mtwara ilikuwa tayari inatibu watu wa nchi ya pili. Wamisionari wa Ndanda nao wamejenga jina lao la tiba kwa miongo mingi, tangu Sista Dk. Thekla Stinnesbeck alipofika miaka ya 1920. Na katika waliokalia kiti chako yuko Dk. Leader Stirling, Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980, ambaye kazi yake nchini aliianzia Lulindi, Masasi, miaka ya 1930, akipasua wagonjwa katika majengo ya udongo na nyasi. Watu walimfuata kwa sababu ilijulikana vijijini kwamba ukifika Lulindi utamkuta daktari.

Hilo la kumkuta daktari nitalirudia chini. Kwanza tuangalie ramani, maana hapo Mtwara ina mtaji ambao Dar es Salaam haina. Kutoka Palma hadi Mtwara, ukipima mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 70. Kutoka Palma hadi Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, ni zaidi ya 200. Kutoka Moroni hadi Mtwara umbali kwa anga ni kama nusu ya ule wa Moroni hadi Dar. Hata hivyo Wacomoro wanaokuja kutibiwa Tanzania wanapita juu ya bahari yetu na kwenda kushukia Dar, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, Taasisi ya Mifupa (MOI) na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Hawajakosea. Wanakwenda wanakojua watapata huduma, na ndege ipo.

Tena Taasisi ya Moyo ndiyo ingetakiwa kuwa darasa letu. Ilipoanzishwa mwaka 2015 haikuanza kwa kutafuta Wacomoro. Ilianza na Mtanzania ambaye hapo kabla serikali ilikuwa inamlipia kwenda India kufanyiwa upasuaji wa moyo. Ikamtibu yeye, akapona, akarudi kwao na kusimulia. Mgeni alifuata masimulizi hayo. Dodoma nako, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na jina lake likakua kwa kazi hiyo. (Mzee Mkapa alikuwa wa Lupaso, Masasi. Hospitali yenye jina lake iko Dodoma. Hatulalamiki, tunakumbusha tu.)

Kwa nini nasisitiza kuanza na wa nyumbani? Kwa sababu sisi wa Mtwara tumeshaona mipango mikubwa iliyojengwa kwa ajili ya mtu ambaye hakufika. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Bandari ya Mtwara ikachimbwa na reli ikatandazwa ili karanga zipite. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, bandari ikafunguliwa mwaka 1954 karanga zikiwa hazipo, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Waliupanga wakitazama soko la Uingereza, udongo wa Nachingwea hawakuupima vya kutosha. Ukaja Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara, uliotiwa saini na nchi nne mwaka 2004. Ikaja gesi ya Mnazi Bay, na vurugu za 2013 za kupinga bomba la kuipeleka Dar unazikumbuka. Kwa hiyo ukisikia watu wa huku wanaitikia "utalii tiba" kwa kuguna, usidhani hawapendi maendeleo.

Sasa daktari. Mashine zinanunulika na majengo yanajengeka, hilo serikali imeshalionyesha. Kinachoiua hospitali ya pembeni ni bingwa anayepangiwa Mtwara akaripoti, akakaa muda mfupi, kisha uhamisho ukatoka. Akiondoka yeye, mashine inabaki na kitambaa juu yake na mgonjwa anaandikiwa rufaa ya Dar, kilomita zaidi ya 500. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hiyo katika mkoa wa Lindi, kusini ikabaki peke yake kwa siku kadhaa. Rufaa yenye maana ni ile inayoishia hapa. Wape mabingwa nyumba za heshima karibu na Mitengo, mikataba ya miaka inayoeleweka, posho ya mazingira, na juu ya yote wanafunzi wa kufundisha, maana daktari bingwa asiye na wa kumfundisha huchoka haraka. Akibaki mmoja, wa pili anavutika. Tuwe na wapasuaji wawili wa mifupa wanaojulikana kwa majina huko Palma na Moroni, na hatutahitaji bango hata moja.

Na tusijifanye tunaweza kila kitu. Moyo uachieni Dar. Figo za kupandikiza ziacheni Dodoma na Muhimbili. Mtwara ichague mambo machache ambayo pwani hii inayaugua na yanayotibika kwa gharama ya wastani: mifupa iliyovunjika (kwa kuwa bodaboda zipo kingo zote mbili za mto), mtoto wa jicho, ngiri na mabusha (ugonjwa ambao kusini tunaufahamu kuliko kanda nyingi), fistula, na huduma ya kusafisha damu isiyokatika. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, kila mara kwa takriban saa nne. Huyo hawezi kusafiri kwenda na kurudi. Ama ahamie penye huduma au afe. Atakayehamia Mtwara kutoka Mocímboa da Praia atapanga chumba, atanunua samaki na mihogo, na nduguye atakuja kumwona kila mwezi. Huo ndio uchumi wa utalii tiba wa mji mdogo. Unaingia kwa mama ntilie na gesti kabla haujafika hoteli kubwa.

Ndiyo maana naomba pia nyumba ya wasindikizaji. Huku mgonjwa haji peke yake. Anakuja na watu wawili au watatu, na usiku utawaona wamejikunyata kwenye veranda, wanapikia kwenye mafiga nje ya uzio. Jengo la kawaida lenye vitanda, vyoo, maji na jiko, kwa bei ya chini, litamfurahisha mgeni kuliko wodi yenye marumaru.

Kuhusu bei, sijui kwa nini iwe siri. Bandikeni ukutani: upasuaji wa ngiri kiasi fulani, wa mtoto wa jicho kiasi fulani, kitanda kwa siku kiasi fulani. Safu moja ya Mtanzania, safu ya pili ya mgeni, na mgeni alipe zaidi kidogo bila kukamuliwa. Iandikwe kwa Kiswahili, Kireno na Kifaransa. Pale mapokezi akae mtu anayesoma Kireno. Mtwara ina vyuo vya afya. Kozi fupi ya lugha kwa wauguzi haiwezi kuishinda wizara.

Najua Kilambo haiko chini yako peke yako. Kuna Uhamiaji, kuna vyombo vya usalama, na baada ya kijiji chetu cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020 na Palma kuvamiwa Machi 2021 hakuna mwenye akili atakayetaka mpaka uwe shamba la bibi. Lakini usalama unapatikana zaidi mtu akipita mlangoni na kuandikwa kwa jina lake halisi kuliko akipita na jina la mjomba. Kaa na Waziri wa Mambo ya Ndani, mkubaliane kibali cha mgonjwa na msindikizaji wake kinachotolewa palepale kivukoni, kwa siku maalumu, bila mzunguko. Gari la wagonjwa lilale Kilambo na lingine Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Mkizungumza na ndugu zetu wa Comoro, ajenda ya kwanza iwe usafiri wa moja kwa moja wa Moroni na Mtwara, ndege ndogo au boti. Uwanja wa ndege umeboreshwa, unangoja abiria.

Liko jambo moja ambalo wananchi hulisema kwa sauti ya chini, nami naona lisemwe wazi. Wanaogopa kwamba mgeni mwenye fedha atapewa kitanda, na bibi wa Nanyamba aliyelipa kodi ya korosho maisha yake yote ataambiwa arudi Jumatatu, au atumwe duka la nje kununua glovu. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu foleni ndefu wameshaiona hata wageni wakiwa wachache. Huku mtu mwenye ngiri husubiri chama cha msingi kilipe korosho ndipo aende kupasuliwa, na akifika na fedha zake za jasho hatakubali kupitwa na mtu wa ndege. Wekeni kanuni ya maandishi: zamu ya upasuaji ifuate uzito wa ugonjwa, na sehemu ya mapato ya wageni inunulie dawa wodi za kawaida, mahesabu yasomwe kila mwaka mbele ya Baraza la Madiwani. Bila hilo, utalii tiba utapingwa na watu walewale wanaotakiwa kuwapokea wageni.

Mheshimiwa, hayo yote hayawezi kufanyika kwa bajeti ya mwaka mmoja. Mawili yanaweza. Kabla minada ya korosho ya msimu ujao haijafunguliwa, tunaomba bei zibandikwe Mitengo kwa lugha tatu, na gari la wagonjwa lianze kulala Kilambo. Ukija kukagua, tafadhali njoo kwa barabara.

Wako,
Mkazi wa Shangani, Mtwara