"Hamna Nyama, Ni Mchuzi Tu" (Sehemu ya 4)

Sehemu iliyopita niliahidi kurudi kwenye habari ya kula nje. Nimerudi, na nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo nikiandika kwa ukali mnivumilie.

Wewe uliyewahi kuingia mgahawani ukasema "sili nyama", jibu unalijua. "Haya dada, basi kuna kuku." Ukisema hata kuku huli: "Samaki je? Sato wa leo leo." Ukimkataa na sato, mhudumu anageuka daktari: "Kwani unaumwa?"

Siumwi. Mwaka wa sita huu sili kilichochinjwa wala kilichovuliwa. Mayai na maziwa natumia. Nimeshaulizwa kama ni Msabato, kama nimefunga, kama mganga amenipa mwiko, kama mshahara wa unesi umekata tarehe kumi. (Hilo la mwisho lina ukweli wake, ila siyo sababu.)

Tuanze na lugha. Kwenye Kiswahili chetu cha mezani, nyama ni ng'ombe au mbuzi, basi. Soma ubao wa mama ntilie yeyote: wali nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage. Nyama ina mstari wake na kuku ana mstari wake. Kijana aliyekutajia kuku hakukudharau, amekusikia vizuri sana. Na ukitaka kujiokoa kwa kusema "niletee mboga tu", umejichimbia shimo lingine, maana mboga kwetu ni chochote kinachoteremsha ugali. "Leo mboga nini?" "Dagaa." Jibu sahihi kabisa! Yaani neno moja linabana kuliko unavyotaka, lingine limepanuka mpaka limemeza kila kitu, na wewe umekaa katikati na njaa yako.

Hadi hapo simlaumu mtu. Lawama yangu inaanzia kwenye sufuria.

Unaagiza wali maharage. Unaonja, unakuta supu ya ng'ombe imo. Ukiuliza: "Aa, hamna nyama humo mwanangu, ni mchuzi tu." Mchuzi wa nini, mama? Kicheko. Au unaletewa pilau, unasema ina nyama, sahani inarudi jikoni na baada ya dakika moja inakuja ile ile, vipande vimechambuliwa: "Haya, nimeitoa." Au mchicha wa nazi uliotiwa unga wa dagaa ili "ulete ladha", na hakuna aliyekutajia. Habari ya mafuta ya chips yaliyotoka kukaanga kuku nimeamua kuinyamazia, nikianza kuyachunguza hayo nitakufa njaa mjini hapa.

Najua unachotaka kusema. Acha kujishaua, toa pembeni, kula, supu haijamuua mtu.

Aisee, kaa chini. Tulishampokea binti mmoja usiku, midomo imevimba, macho yamefumba, anavuta pumzi kwa shida kama aliyebanwa kifua. Ana aleji ya samaki tangu utotoni, na anajilinda. Jioni ile alikuwa ameuliza kabla ya kula: "Ina samaki?" Akajibiwa haina. Kilikuwa kisamvu, na ndani yake mlikuwa na dagaa waliosagwa. Maana kwa aliyemjibu, samaki ni samaki na dagaa ni dagaa! Tulimchoma adrenalini ya paja, tukampa oksijeni, akapona. Kwa mwenye aleji ile, mwili hauhesabu vipande. Protini ya samaki haiishi nguvu kwa kuchemshwa, na ukimtoa dagaa kwa kijiko protini yake inabaki kwenye mchuzi.

Na msiniambie kwamba jikoni hawajui mchuzi unahesabika. Wanajua. Mwislamu akiuliza kama kikaango hiki kimepikiwa kitimoto, nani atathubutu kumjibu "nimeitoa, kula tu"? Hakuna. Hapo kila mtu anaelewa ghafla kwamba mafuta, kijiko, kikaango na mchuzi vyote ni sehemu ya chakula. Kwa hiyo uelewa upo. Kinachokosekana ni kuona kwamba mteja asiyekula nyama naye ni mteja kamili, siyo mtu anayejisumbua na kusumbua wengine.

Sasa nijiseme na mimi, maana haya ya mgahawani tunayafanya hata kliniki, tena tukiwa na sare.

Kuna baba mmoja alikuja kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likigusa anaruka. Gauti. Wengine mnaiita jongo, au "ugonjwa wa wenye hela", jina ambalo halina maana yoyote. Daktari akampa dawa, mimi nikampa ushauri. Nikamwambia, kwa kujiamini kabisa: "Baba, acha nyama." Mwezi haukwisha, karudi anachechemea. Nikamuuliza kama aliacha. Akaapa. "Binti yangu, nyama sijaigusa hata kwa bahati mbaya." Haya baba, asubuhi unakunywaje chai? "Chapati na maini." Baba, maini! "Maini siyo nyama, nesi. Ni maini." Mchana? Dagaa. Jioni? Supu ya samaki, maana wamemwambia samaki ni chakula cha afya.

Maini, figo na dagaa ni katika vyakula vinavyopandisha sana asidi ya yuriki, ile inayoganda kwenye kiungo na kuleta maumivu yale. Mgonjwa wangu alitii kila neno nililosema, akahama kwenye kibaya akaenda kwenye kibaya zaidi. Kosa lilikuwa langu, nilitumia neno bila kuuliza yeye analielewaje.

Tena huwa tunawakataza maharage haraka haraka. Utafiti uliochapishwa 2004 kwenye New England Journal of Medicine ulifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Walaji wakubwa wa nyama na vyakula vya baharini walipata gauti zaidi, lakini maharage, njegere na mchicha havikuongeza hatari hiyo. Yaani tulimwachia maini tukamnyang'anya maharage!

Mnaosema kutokula nyama ni kuiga wazungu, bibi zenu walikula nyama mara ngapi kwa mwezi? Makande, mlenda, choroko, kunde, njugu mawe, nani alituletea hivyo kwa ndege? Wasabato wako Upare tangu 1903, na baadhi yao nyama hawagusi. Nenda mitaa ya Kisutu, Dar, kwenye migahawa ya Wahindu isiyopika nyama kabisa, uliza kilichomo kwenye dengu. Utatajiwa mpaka kitunguu na kitunguu saumu, maana kuna Wajaini wasiokula hivyo, na wenye mgahawa wamezoea kuulizwa. Hawakuoni kituko, wala hawakuulizi unaumwa nini.

Kwa hiyo wewe mwenzangu usiyekula, acha kusema "sili nyama" halafu ununue ugomvi. Taja majina. Na wewe wa jikoni, kama supu imo, sema imo. Nikiondoka umepoteza sahani moja. Binti wa kisamvu nusura apoteze zaidi ya hiyo. Na usinichaji wali nyama kwa sahani uliyoichambua, tafadhali.

Juzi nimeingia sehemu, nikasema yote kwa pumzi moja: "Dada, sili ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki, dagaa wala supu yao. Una nini?" Yule dada hakucheka. Akasema, "Subiri nikaulize jikoni." Akarudi: "Maharage yamepikwa kwa supu ya nyama, usile. Mchicha una karanga tu, nimeuonja mwenyewe. Nikukaangie na mayai mawili?"

Nikala, nikamwachia chenji yote.