TITI LISIKATWE PASIPO LAZIMA

Wapo watu, na baadhi yao wameshika ofisi, ambao wakimsikia mgonjwa wa saratani ya titi akiuliza atabaki na umbo gani, husema aliyeponea kaburini hana haki ya kudai uzuri. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Hofu ya kukatwa titi ni miongoni mwa mambo yanayomfanya mama wa Miono aufiche uvimbe chini ya kanga mpaka ugeuke kidonda.

Zamani madaktari walifuata njia ya Halsted wa Marekani, ya kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua. Mwaka 2002 Veronesi wa Italia na Fisher wa Marekani walitangaza matokeo ya miaka 20: mwenye uvimbe mdogo, akiondolewa uvimbe tu kisha akapigwa mionzi, huishi sawa na aliyekatwa titi lote. Lakini mionzi si ya kuachwa. Katika wagonjwa wa Fisher waliobakiziwa titi bila mionzi, ugonjwa uliwarudia titini 39 katika kila 100. Waliopata mionzi walikuwa 14.

Kweli, si kila titi lililobakizwa hubaki zuri. Uvimbe ukiwa mkubwa kuliko titi linavyostahimili, titi hubonyea. Na mionzi huweza kulikunyata na kulifanya gumu, hata miaka kadhaa baadaye. Hata hivyo, matokeo ya Uingereza ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba mionzi ya mara 15 kwa wiki 3 ilihifadhi umbo vizuri kuliko ya mara 25 kwa wiki 5, wala ugonjwa haukurudi zaidi.

Wiki 2 zinazookolewa, kwa ofisa ni tarakimu. Kwa mama wa Mafia aliyevuka toka Kilindoni hadi Nyamisati, akashika barabara mpaka Ocean Road, ni siku za kula na kulala kwa jamaa, na jamaa nao huchoka, tusifichane.

Tunawataka viongozi wa afya wa Mkoa wahakikishe kwamba kila mgonjwa anaambiwa, kabla hajatia sahihi ya kupasuliwa, kama titi lake laweza kubakizwa. Na asibakiziwe mpaka nafasi yake ya mionzi, nauli na malazi vimekwisha kupangwa. Wauguzi wa zahanati, Miono na visiwani, wawapime akina mama kwa stara, na mwenye uvimbe apewe barua ya rufani siku hiyo hiyo.